Miti ya Gisenyi na Kuni za Mkimbizi

Katika mikutano ya mazingira niliyokaa, kuna sentensi moja haikosi. Mtu anasimama, anawashukuru waandalizi, halafu anasema wakimbizi ndio wanaomaliza miti. Mara ni mtu wa ofisi, mara ni mwenyeji wa karibu na kambi, na siku nyingine ni mkimbizi mwenyewe, maana hata sisi tumeshaimeza hiyo habari. Watu wanatikisa vichwa, tunaendelea na ajenda ya pili.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Rubavu, mji ambao wengi bado tunauita Gisenyi. Mwaka 2012 nilipita kituo cha Nkamira nikiwa mtoto, nimebeba sufuria moja na blanketi. Wengi mnaosoma jarida hili mnaijua Nkamira vizuri kuliko mimi, wengine mmetoka pale juzi juzi tu. Basi nimeamua kuandika kidogo historia ya miti ya huku. Nikiifuata hiyo historia, naona miti imekuwa jambo la afya toka zamani, sawa na choo na bomba la maji. Tena naona waliokata walikuwa wengi, na mara nyingi mkimbizi alifika wakati shoka limeshaanza kazi.

Tuanze na kivuli. Ukitoka mpaka wa Grande Barrière ukafuata barabara ya ziwa, unatembea chini ya miti mikubwa na minazi ya mapambo. Upepo wa Kivu unakupiga, hata saa saba mchana unaweza kukaa kwenye jiwe ukapumzika. Sasa panda kidogo mpaka Mbugangari, karibu na Petite Barrière, pale wanapopita wachuuzi maelfu kila siku. Ni mabati juu ya mabati, mawe meusi ya volkano, vumbi, na mama aliyefunika nyanya zake kwa kitenge zisiungue na jua. Ni mji mmoja, mwendo mfupi tu kwa mguu, lakini ni hali ya hewa mbili.

Tofauti hiyo ina historia. Mjerumani von Götzen alifika ziwa Kivu mwaka 1894, na baadaye Wajerumani wakaweka kituo chao hapa. Vita ya kwanza ya dunia ikawatoa, Wabelgiji wakachukua kuanzia 1916, na ufuko wa Gisenyi ukawa mahali pa mapumziko pa wazungu: nyumba kubwa, bustani, miti kwa mistari. Kule Congo Wabelgiji walikuwa wameandika kabisa kwenye ramani kwamba miti na uwanja wazi ni dawa. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na Léopoldville, yaani Kinshasa, waliacha ukanda wa mamia ya mita kati ya mtaa wa wazungu na mtaa wa Waafrika. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kitabibu: mbu wa malaria asiweze kuruka kutoka kwa Mwafrika mpaka kwa mzungu. Kule Léopoldville ukanda huo ulikuja kuwa na uwanja wa gofu, bustani ya mimea na bustani ya wanyama. Kwa hiyo wazo kwamba miti ya mjini inalinda afya si geni kwetu, na halikuletwa na mradi wa mwaka huu. Lilikuja zamani, likiwa na mlango, na mlango ulikuwa umefungwa upande wetu. Nikiangalia Gisenyi leo, kivuli bado kiko mahali kilipopandwa wakati ule.

Hiyo ni miti ya barabarani. Mti uliokuwa unalinda mji wenyewe ulikuwa mbali, juu milimani, kwenye msitu wa Gishwati.

Wazee wa Kanama na Nyundo wanaongea juu ya Gishwati kama mtu anavyoongea juu ya ndugu aliyekufa. Katika miaka ya 1970 msitu ulikuwa bado na hekta kama 28,000. Kufika 2002 zilibaki kama 600. Sasa hapa nakuomba usome polepole, ndugu msomaji, hasa wewe unayependa ile sentensi ya mkutanoni. Shoka kubwa la kwanza lilikuwa mradi. Kuanzia mwaka 1980 hivi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, sehemu kubwa ya msitu wa asili iligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Ulikuwa mradi wenye ofisi, magari na ripoti. Halafu baada ya 1994 ndipo walipoingia watu wasio na pa kwenda: waliorudi kutoka uhamishoni, wengine baada ya miaka zaidi ya thelathini nje ya nchi, na waliokimbia vita. Walipewa au walijitafutia mahali pa kulima, na kilichobaki cha msitu kikaisha. Wa pili ndio wanaokumbukwa. Wa kwanza wamebaki kwenye makabati ya karatasi.

Msitu kama ule unafanya nini? Nilielezwa na mwalimu wangu wa jiografia kwa namna ambayo sikusahau. Alichukua vipande viwili vya udongo, kimoja kina majani yake na mizizi, kingine kitupu, akavimwagia maji kutoka kwenye kopo lililotobolewa. Kitupu kilitoa tope saa ile ile. Chenye majani kilichelewa, halafu kikatoa maji taratibu, karibu safi. Majani yanavunja nguvu ya tone la mvua, takataka za chini zinakunywa maji kama sifongo, mizizi inashika mlima. Ukiondoa hivyo vitatu kwenye mlima wa Rutsiro, maji yote yanashuka kwa wakati mmoja, na njia yanayoshukia ni mto Sebeya, unaopita Kanama, Nyundo na Rugerero kabla ya kuingia Kivu.

Septemba 2007 mafuriko yalipiga Bigogwe, watu wakafa, nyumba nyingi zikaenda. Serikali na mashirika wakaanza kurudisha msitu kidogo kidogo. Mwaka 2015 kilichobaki cha Gishwati pamoja na msitu wa Mukura kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na 2020 UNESCO ikakiingiza kwenye orodha ya maeneo yake ya viumbe na watu. Sokwe wachache bado wapo. Ni kazi nzuri, naisifu. Lakini msitu unaokatwa kwa miaka ishirini haurudi kwa miaka kumi.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 tuliliona hilo kwa macho. Mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda walikufa watu zaidi ya 130 kwa usiku mmoja, wengi ukuta uliwaangukia wakiwa wamelala. Rutsiro, Rubavu, Nyabihu, Ngororero na Karongi ziliumia zaidi. Asubuhi Sebeya ilikuwa imetoka kwenye njia yake, imeingia majumbani, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Ile rangi ni udongo wa milima. Vijana wangu tulienda kusaidia kubeba magodoro na kugawa blanketi kwenye kituo kimoja cha waliopoteza nyumba, na kitu nilichokumbuka haraka ni vyoo. Maji yakishapita kwenye vyoo vya shimo, kila kisima cha chini yake kimekuwa choo. Mama mmoja alikuwa anauliza swali moja tu, kila aliyepita: kuna kuni kavu wapi, nichemshe maji ya mtoto? Hapakuwa na kuni kavu mahali popote.

Swali la yule mama ndilo linanirudisha 1994, na hapa nitakaa kidogo.

Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, Julai 1994, watu karibu milioni moja walivuka hapa Gisenyi kuingia Goma, wengi wao ndani ya siku nne tano. Ndani yao kulikuwa na waliofanya mauaji, kulikuwa na wanajeshi walioshindwa vita, na kulikuwa na watoto na bibi ambao hawakuua mtu. Historia hiyo ina majeraha ambayo insha ya miti haiwezi kuyabeba, na sitajaribu. Nitaangalia chini tu, kwenye udongo. Chini palikuwa jiwe. Goma imekaa juu ya lava ya Nyiragongo. Ukipiga jembe linalia. Vyoo havikuchimbika, makaburi hayakuchimbika. Kipindupindu kilianza kabla Julai haijaisha, halafu kuhara damu kukafuata. Kwa mwezi wa kwanza tu walikufa watu karibu 50,000.

Siwezi kusema miti ingezuia kipindupindu. Kipindupindu kinazuiwa na maji safi, vyoo na chumvi ya kurudisha maji mwilini, na magari ya maji yalipofika vifo vilishuka. Ila familia iliyopewa mahindi makavu na maharagwe inahitaji moto wa masaa mengi. Anayetaka kuchemsha maji anahitaji moto mwingine juu ya huo. Nani alileta moto? Kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga ziliwekwa pembeni kabisa mwa hifadhi ya Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Afrika, ya mwaka 1925. Makadirio ya wakati ule yanasema watu kufika 40,000 waliingia msituni kila siku kutafuta kuni. Kufika mwisho wa 1996, kambi zilipovunjika, msitu ulioguswa ulizidi kilomita za mraba 100. UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka ule ule wa 1994, na mpaka leo haijatoka.

Haya, hapa mkimbizi alikata. Tusifichane. Lakini nani alichagua kuweka watu laki kadhaa kwenye ukingo wa msitu, akawapa chakula kinachopikwa masaa matatu, bila kuwapa cha kupikia? Chakula kilihesabiwa kwa kilo na maji kwa lita. Kuni, mwanzoni, zilionekana kama upepo, zipo tu. Mimi naona kuni zilikuwa sehemu ya mgao ambayo hakuna aliyeiandika, na msitu ndio ulioilipa.

Na si msitu peke yake uliolipa. Ruka miaka karibu thelathini, ubaki pale pale. Kuanzia 2022 watu wa Rutshuru, Nyiragongo na Masisi walikimbilia pembeni mwa Goma, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walisema wanatibu wanawake wengi mno waliobakwa kuzunguka kambi zile, na wengi walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Dada zetu walikuwa wanachagua kati ya njaa ya watoto na njia ya msituni. Nyie mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkiandika "nishati" kwenye safu moja na "ulinzi wa wanawake" kwenye safu nyingine, kumbukeni ile njia. Ni safu moja.

Upande wetu wa mpaka nao una hesabu yake. Mudende iko hapa hapa Rubavu. Mwaka 1997 kambi ya Wakongomani iliyokuwa pale ilishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba, watu wengi wakauawa. Walionusurika walihamishiwa Gihembe, juu ya kilima karibu na Byumba. Walikaa zaidi ya miaka ishirini. Kilima kile kilijaa nyumba na njia, hakikubaki na nafasi ya kitu kinachoshika udongo, na mvua ikaanza kukichimba. Makorongo yakawa marefu kuliko nyumba, yakatembea usiku kama mwizi, yakala choo, yakala jiko, yakala njia ya shule. Mwaka 2021 kambi ilifungwa kwa hatari hiyo, wakazi wakapelekwa Mahama. Watu waliokimbia panga Mudende walikimbia tena, safari hii wakikimbia udongo. Sijui neno la kisheria la mkimbizi wa namna hiyo.

Mjini Rubavu wenyewe jambo kama hilo liliamuliwa kabla mlima haujaanguka. Mlima Rubavu, ule uliosimama juu ya mji, ulikuwa na nyumba mpaka mgongoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 familia nyingi zilitolewa pale, mlima ukapandwa miti na mianzi. Leo ukitoka uwanja wa mpira ukaangalia juu, ni kijani. Wageni wanapiga picha. Kwa afya ya mji ulikuwa uamuzi sahihi, hilo nalikubali, maana nyumba zilizo chini yake hazipigwi tena na tope kila msimu. Lakini nimekaa na wazee waliotoka kule. Wanakuambia idadi ya migomba waliyoacha. Kijani kinapoingia mahali, kuna mtu anatoka, na mara nyingi ni mtu ambaye hakuwa na bustani ya kukaa toka mwanzo. Kama tunataka watu wapende miti, huyo mtu alipwe vizuri kwanza na ahamie mahali penye maji na barabara. Baadaye ndipo tumpe mche apande.

Nimesema sana juu ya maji na udongo. Kuna moshi pia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa jikoni uliua watu kama milioni 3.2 duniani, wengi wao katika nyumba zinazopikia kuni, makala na vitu kama hivyo. Malaria haifiki hapo. Kwa hiyo tunazungumza juu ya muuaji anayekaa katikati ya nyumba, tunampulizia kwa mdomo awake. Watoto chini ya miaka mitano ndio wanapata nimonia, mama zetu wanapata macho mekundu na kikohozi ambacho tunakiita "cha kawaida".

Wachache wanajua kwamba jaribio moja kubwa la kumwondoa huyo muuaji lilizaliwa hapa Gisenyi. Kampuni ya Inyenyeri ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ilikuwa inasaga matawi na vumbi la mbao, inavikandamiza kuwa vidonge vidogo vya kuni, na inampa mteja jiko lenye feni ndogo ndani. Feni inasukuma hewa, moto unaunguza mpaka moshi wenyewe, na kuni kidogo zinapika sana. Mtu wa kijijini aliweza kuleta matawi akapata vidonge. Wa mjini alinunua. Walifika mpaka kambi ya Kigeme, wakimbizi wakapika kwa jiko lile. Leo kampuni haipo tena, hesabu haikutoka. Watu wa misaada wakisikia hivyo wanasema "ilishindwa". Mimi nasema subiri kidogo. Hakuna anayeuliza kama bomba la maji la kambi limeleta faida. Jiko lisilo na moshi tulilitaka lijilipie lenyewe, kutoka mfukoni mwa mtu anayeishi kwa mgao. Hiyo hesabu ingetoka vipi?

Mahama walipata gesi ichukue nafasi ya kuni, na ukweli uonekane: gesi ilipokuja, miti ilisimama. Mahama ilifunguliwa Aprili 2015 kwa ajili ya Warundi, karibu na mto Akagera, mahali pa joto na vumbi jekundu. Shangazi yangu anakaa kule. Anasema mwanzoni watoto walikuwa wanafuata kivuli cha tanki la maji, linapogeuka nao wanageuka. Sasa ana mti wake mlangoni na mparachichi kwa jirani. Lakini anasema pia kwamba pesa ya gesi imepungua, mtungi unaisha kabla ya mwezi, na majirani wameanza kuangalia matawi kwa jicho lile la zamani. Naye pia ameangalia, aliniambia akicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Anayekata matumizi ya gesi aliko ofisini, aweke mti wa shangazi yangu kwenye hesabu yake.

Sasa kuna watu watasema: maji sawa, moshi sawa, lakini mti wa mlangoni una afya gani? Una joto, kwanza. Bati na shitingi zinapika watu. Mti unazuia jua lisifike kwenye bati, na majani yenyewe yanatoa maji hewani, na maji yakipanda yanaondoka na joto. Bibi yako hakuwa na maneno hayo lakini alijua wapi aweke mkeka.

Pili una kichwa. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani anayeitwa Roger Ulrich alichapisha utafiti mdogo ambao madaktari bado wanautaja. Alichukua faili za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania waliofanyiwa upasuaji wa nyongo. Wagonjwa 23 walikuwa na dirisha linaloangalia miti, 23 wengine, wanaofanana nao kwa umri na mengine, walikuwa na dirisha linaloangalia ukuta wa matofali. Wa miti walitoka hospitali mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu chini ya wenzao. Watu 46 si wengi, na hospitali ya Marekani si kambi. Lakini mimi nafanya kazi na vijana ambao wengine hawalali usiku, wanaoruka mlango ukigongwa. Chumbani hawasemi. Ukiwapeleka ofisini wakakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mshauri mwenye fomu, hawasemi pia. Tukikaa chini ya umuvumu, ule mti mkubwa ambao Wanyarwanda wa zamani walikuwa wanapanda karibu na nyumba, wanakaa upande upande, macho yako kwenye majani, wanaokota vijiti, wanavunja, na baada ya nusu saa mmoja anaanza. Sina utafiti wa hilo. Nina miaka minne ya kuliona.

Mholanzi mmoja mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, alitoa mwaka 2021 kanuni rahisi anayoiita 3-30-300: kila mtu aone miti mitatu kutoka nyumbani kwake, asilimia 30 ya mtaa iwe chini ya kivuli cha miti, na bustani isizidi mita 300. Niliwapa vijana iwe kama mchezo, wazunguke mtaa wao na daftari. Miti mitatu, wengine walipata, ingawa mmoja alihesabu na mgomba tukabishana sana (mgomba si mti, nilishinda). Asilimia 30 hakuna aliyepata nje ya barabara ya ziwa. Bustani ndani ya mita 300, walinicheka. Ndipo msichana mmoja akauliza kwa nini kambi inapimwa choo kwa watu wangapi, bomba kwa watu wangapi, na kivuli hakipimwi. Niliandika swali lake kwenye karatasi ya mkutano. Bado halijajibiwa.

Kuna jambo la aina ya mti pia, na hapa nina ugomvi wangu mdogo. Kila umuganda, kila sherehe, watu wanapenda mkaratusi, huku tunasema inturusu, uliokuja na wamisionari zamani. Unakua haraka, unatoa nguzo na makala, siukatai. Nani angejenga bila huo? Lakini chini yake hakuoti kitu, na unakunywa maji sana. Ukipanda inturusu kwenye uwanja wa watoto umepanda biashara. Kwa kivuli na udongo tafuta umusave, umuvumu, grevilea, mparachichi. Kuni ziwe na shamba lake, mbali kidogo, lipandwe kwa ajili ya kukatwa. Kivu Kaskazini WWF ilianza hivyo mwaka 2007 na mradi wa EcoMakala: wakulima wanapanda miti ya makala kwenye mashamba yao ili Virunga ipumue. Ukitaka mti mmoja usikatwe, panda mwingine wa kukatwa.

Sisi tulipanda kwenye uwanja wetu wa michezo, vijana na watoto wa wenyeji pamoja. Ripoti iliyoombwa ilikuwa na sanduku moja la kujaza: idadi ya miche iliyopandwa. Sanduku la miche iliyo hai halikuwepo, kwa hiyo vijana walilichora wenyewe kwa kalamu, pembeni. Mbuzi walikula wa kwanza. Tukazungushia miiba. Juni na Julai, mvua ilipokatika, ikawa vita ya madumu: maji ni ya foleni, nani atamwagia mti wakati nyumbani hayatoshi? Tulikubaliana maji ya kunawia mikono ya shule, yale yanayomwagika chini ya bomba, yakusanywe kwenye beseni. Hayana sabuni nyingi, mti haulalamiki. Kila mche una watoto wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, na majina yao yameandikwa kwa rangi kwenye jiwe la lava, maana mawe hayo hatujawahi kuyakosa.

Mparachichi mmoja, wa pembeni mwa goli, sasa umenipita kimo. Siku ya chanjo ya watoto, washauri wa afya wa mtaani walifika na meza yao, wakaiweka juani penye bango, wakakaa dakika tano hivi. Halafu bila kumwuliza mtu waliinyanyua wakaileta chini yake, na foleni ya akina mama ikajipanga kufuata kivuli.